Ubanaji wa data, poti ya siriali na ISDN: tuulize kwanza data inabanwa wapi

Fundi wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Mwanza.

Uzi huu umetokana na swali la kijana mmoja anayesomea mitandao hapa mjini. Katika zoezi la darasani walipewa adapta ya ISDN (huduma ya data kupitia laini ya simu ya kidijitali) yenye uwezo wa kilobiti 128 kwa sekunde, iliyounganishwa na kompyuta kwa poti ya siriali iliyowekwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, wakatakiwa kukokotoa muda wa kupakua faili la maandishi lenye ukubwa wa megabaiti moja. Alipiga hesabu kwa 128 akaambiwa si sahihi. Akaweka ubanaji wa mbili kwa moja, yaani data kupunguzwa hadi nusu ya ukubwa wake, akaambiwa tena si sahihi. Mwishowe aliniuliza kama ubanaji wa data una faida yoyote. Faida ipo, na ni kubwa, lakini inategemea data inabanwa katika sehemu ipi ya njia: ndani ya kompyuta kabla haijaingia kwenye waya wa siriali, au ndani ya modemu au adapta baada ya kuupita waya huo. Wengi wetu tunaangalia uwiano wa ubanaji peke yake, na jambo hili la mahali ndilo linaloamua matokeo.

Tuanze na waya wenyewe. Poti ya siriali ya RS-232, ile yenye pini tisa nyuma ya kompyuta za zamani, hutuma biti moja baada ya nyingine bila pande mbili kuwa na saa ya pamoja. Kwa sababu hiyo kila baiti hutanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatiwa na biti ya kumalizia, ili upande unaopokea ujue herufi inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa mpangilio uliozoeleka wa 8N1 (biti 8 za data, bila biti ya kuhakiki, na biti 1 ya kumalizia), baiti yenye biti 8 husafiri kama biti 10. Kwa hiyo kasi ya 115200 haitupi baiti 14,400 kwa sekunde, kama atakavyopata mtu anayegawanya kwa nane, bali baiti 11,520. Namba hiyo yenyewe imetokana na kristali ya megahezi 1.8432 iliyokuwa ikiihudumia chipu ya siriali katika kompyuta za IBM PC: chipu huigawanya kwa 16, na 115,200 ndio ukomo wa poti ya kawaida.

Laini ya ISDN ina tabia nyingine kabisa. Ilibuniwa juu ya mtandao wa simu wa kidijitali, ambao hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo kukiandika kwa biti 8, ndiyo maana njia moja ya B, yaani njia ya kubeba sauti au data, ina kilobiti 64 kamili kwa sekunde. Laini ya kawaida ya nyumbani au ofisini ina njia mbili za B pamoja na njia moja ya D ya kilobiti 16 kwa ajili ya kupiga na kukata simu, jumla kilobiti 144. Pande zote mbili hufuata saa ya mtandao, hivyo hakuna biti za kuanzia wala za kumalizia. Njia moja ya B inabeba baiti 8,000 kwa sekunde, na mbili zikiunganishwa zinabeba 16,000, ukiacha gharama ndogo za vichwa vya pakiti, yaani maelezo yanayotangulia kila fungu la data.

Sasa weka namba hizo mbili pamoja. Laini inaweza kuleta baiti 16,000 kila sekunde, lakini waya kati ya adapta na kompyuta unapitisha 11,520 tu. Baiti 4,480, yaani asilimia 28 ya uwezo unaolipiwa, hazina pa kupita. Faili la megabaiti moja, lenye baiti 1,048,576, haliwezi kufika kwa sekunde 66 kama karatasi ya mtengenezaji inavyoahidi. Litachukua sekunde 91.

Tuongeze ubanaji wa mbili kwa moja. Kama anayebana na kufungua ni adapta, laini ya simu sasa inaweza kuleta data yenye thamani ya baiti 32,000 kwa sekunde, lakini adapta huifungua data hiyo kabla ya kuipitisha kwenye waya wa siriali, na waya ni uleule wa baiti 11,520. Muda unabaki sekunde 91. Kama anayefungua ni kompyuta yenyewe, data hupita kwenye waya ikiwa bado imebanwa, baiti 524,288 badala ya milioni moja na ushee, na kazi inakwisha kwa sekunde 45 na nusu. Algoriti ni ileile na uwiano ni uleule, ila muda umepungua nusu kwa kuhamisha mahali pa kubania.

Kwa sisi wa ufukweni ni sawa na mzigo wa dagaa kutoka kisiwani. Dagaa wakishindiliwa magunia kulekule uanikaji, mkokoteni unaowapeleka gatini hubeba mzigo mdogo na meli hubeba mzigo mdogo. Wakishindiliwa gatini, meli itanufaika, lakini mkokoteni utalazimika kwenda na kurudi kama kwamba hakuna aliyeshindilia chochote. Na kama mkokoteni ndio unaochelewesha, meli itaondoka na nafasi tupu.

Jambo hili si la ISDN peke yake. Modemu za simu za kiwango cha V.34, zilizofikia kilobiti 33.6, zilikuwa na mtego uleule, na mtego wake ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu haukuonekana. Modemu hizo zikitumia usahihishaji wa makosa wa V.42 huziondoa biti za kuanzia na za kumalizia kabla ya kutuma kwenye laini, kwa hiyo biti 33,600 zinakuwa baiti 4,200 kwa sekunde, pungufu kidogo kwa ajili ya fremu. Mtu akiiacha poti ya kompyuta kwenye 38400, akidhani kwamba 38 ni kubwa kuliko 33 na hivyo yuko salama, poti yake inapitisha baiti 3,840. Hapo waya wa mezani ni mwembamba kuliko laini ya simu hata kabla ya kutaja ubanaji. Ukiwasha V.42bis, ubanaji unaofanywa ndani ya modemu, ambao kwa maandishi ya kawaida unaweza kubana mara mbili hadi tatu, na kwa ukomo wa matangazo mara nne, hakuna utakachopata hata kidogo mpaka upandishe kasi ya poti, ikiwezekana hadi 115200.

Naomba maswali na nyongeza.

Mwanafunzi wa Nyegezi

Shikamoo mkuu, na nashukuru kwa maelezo. Nina maswali mawili. Kwanza, tumesoma kwamba faili likishabanwa kwa ZIP halibaniki tena. Je, modemu yenye ubanaji hulifanyia nini faili la namna hiyo? Pili, kwenye vitabu kuna modemu inayoandika CONNECT 115200 ilhali laini ya simu haiwezi kufika huko. Namba hiyo inatoka wapi?

Fundi wa Kirumba

Marahaba. Swali la pili ni jepesi: hiyo ni kasi kati ya kompyuta na modemu, si kasi ya laini ya simu. Modemu nyingi zina amri ya AT (amri za maandishi ambazo kompyuta huipa modemu) ya kuchagua ipi itajwe, na kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana juu ya chaguo la kuanzia, watu wawili wenye laini sawa wangeweza kusoma namba mbili zisizofanana kabisa.

La kwanza linahitaji nafasi. Njia nyingi za kubana tunazotumia zinatokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977 na 1978, na V.42bis iko katika ukoo wa pili, ule wa 1978 ambao Terry Welch aliuboresha mwaka 1984. Wazo ni kwamba pande zote mbili hujenga kamusi ya mifuatano iliyokwisha kupita. Mfuatano ukirudi, hutumwa namba yake katika kamusi badala ya herufi zake. Kwa maandishi, kumbukumbu za mizani au orodha za majina, mifuatano hurudi kila mara na kamusi hulipa. Faili la ZIP, picha ya JPEG au sauti ya MP3 haina marudio yaliyobaki, kwa kuwa aliyeitengeneza ameshayaondoa.

Hapo ndipo unapoona tofauti kati ya viwango viwili. MNP 5 ya kampuni ya Microcom, iliyotangulia, iliendelea kubana bila kuangalia matokeo, na faili lililokwisha kubanwa lilitoka likiwa kubwa kuliko lilivyoingia. V.42bis hupima inachopata, na ikiona haipati kitu hurudi kwenye hali ya kupitisha data kama ilivyo, kisha hujaribu tena baadaye. Kwa hiyo mwenye modemu ya MNP 5 alikuwa sahihi kuzima ubanaji kabla ya kupakua mafaili ya ZIP, na mwenye V.42bis hakuwa na sababu ya kujisumbua.

Ila ona linalofuata kwa mtu anayebana mwenyewe kabla ya kutuma. Faili lake la ZIP hupita kwenye poti likiwa dogo na hupita kwenye laini likiwa dogo. Na kwa kawaida DEFLATE, njia ya kubania ya ZIP, hubana vizuri zaidi kuliko V.42bis, kwa kuwa baada ya kutafuta marudio huongeza hatua ya pili ya David Huffman, iliyochapishwa mwaka 1952, ya kuzipa alama zinazotokea mara nyingi biti chache. Kwa maoni yangu mtu akiwa na uhuru wa kuchagua, abane kwenye kompyuta siku zote, na ubanaji wa modemu auchukulie kama msaada kwa data ambayo hakuwahi kuigusa.

Kebo Nyeusi, Nyakato

Naomba niongeze mambo mawili ambayo hesabu ya baiti 11,520 imeyaruka.

La kwanza ni chipu. Kwa kasi ya 115200 baiti mpya hufika kila baada ya mikrosekunde 87 hivi. Chipu za 8250 na 16450 zilikuwa na nafasi ya kuhifadhi baiti moja tu iliyopokelewa, kwa hiyo kompyuta ikichelewa kidogo kwa sababu inaandika kwenye diski, baiti inayofuata huikanyaga iliyopo. Pakiti hukosa uhalali, hutupwa, na kutumwa upya. Mtumiaji haoni kosa lolote ila kwamba kasi imeshuka, na kuna waliopandisha poti kutoka 57600 hadi 115200 wakapata kasi ndogo kuliko ya awali. Chipu ya 16550A ilileta bafa, yaani nafasi ya kusubiria, ya baiti 16, na kwa kazi ya modemu za kasi au ISDN haikuwa anasa.

La pili ni PPP, itifaki inayobeba data ya intaneti kati ya pande mbili za laini. Itifaki hiyo ikipita kwenye poti ya siriali hutumia baiti maalumu kuonyesha mwanzo na mwisho wa fremu (fungu moja la data), na baiti hiyo ikitokea ndani ya data lazima ibadilishwe kuwa baiti mbili. Mpangilio wa kuanzia wa PPP huzibadilisha hivyo pia herufi zote 32 za udhibiti. Data iliyobanwa vizuri huwa na baiti zote 256 kwa usawa, kwa hiyo baiti 34 kati ya 256 (hizo 32, ile ya fremu na ile inayotumika kubadilishia) huongezeka maradufu, na mzigo wako hukua kwa asilimia 13. Pande mbili zikikubaliana kuacha herufi za udhibiti zipite kama zilivyo, ongezeko hushuka chini ya asilimia 1. Makubaliano hayo yanakuwa salama ukitumia udhibiti wa mtiririko wa waya, yaani RTS na CTS, na si ule wa XON na XOFF, ambao hutumia herufi mbili za udhibiti kusimamisha na kuruhusu data. Inasikitisha kuona mtu amebana faili lake kwa uangalifu, halafu asilimia 13 ya jasho lake inaliwa na mpangilio ambao angeubadilisha kwa mstari mmoja.

Fundi wa Kirumba

Nashukuru sana ndugu, hili la PPP lilistahili kuwa kwenye bandiko la kwanza. Nikamilishe upande wa ISDN kwa kusema jinsi tatizo lilivyotatuliwa kule ilikotumika sana. Japani ilianza kuuza huduma hiyo mwaka 1988 na Ujerumani mwaka 1989, na wenye adapta za nje walikuwa na njia tatu: kununua poti ya siriali ya kasi ya 230400, kuweka kadi ya ISDN ndani ya kompyuta ili waya wa siriali uondoke kabisa, au kutumia ruta ya ISDN yenye Etheneti. Kwa faili letu la megabaiti moja, poti ya 230400 pamoja na ubanaji ndani ya adapta inatoa sekunde zilezile 45 na nusu tulizopata kwa kubana ndani ya kompyuta bila kununua chochote. Kadi ya ndani yenye ubanaji wa mbili kwa moja ingefika karibu sekunde 33, kwa sababu hapo laini yenyewe ndiyo inayobaki kuwa kikwazo.

Mpimaji wa Nansio

Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ISDN sijaiona, ila siriali ninaishi nayo. Tuna boti ya kupima kina cha maji kuzunguka Ukerewe. Kipima kina kinatoa kina kila sekunde kwa mfumo wa NMEA, ule wa ujumbe wa maandishi wa vifaa vya majini, kompyuta ndogo ya botini inarekodi, na jioni tunatuma kumbukumbu ya saa kumi za kazi kwa modemu ya zamani ya GSM ambayo poti yake iko kwenye 9600. Kutuma kunachukua muda mrefu, na mtandao ukikatika katikati tunaanza upya. Mstari mmoja uko hivi:

$SDDPT,38.4,0.5*6D

Je, mjadala huu unanihusu?

Fundi wa Kirumba

Unakuhusu kuliko sisi wote ndugu yangu, kwa sababu mstari wako ni mfano bora kuliko zoezi la darasani. Uangalie kwa karibu. Ukihesabu na alama mbili zisizoonekana za mwisho wa mstari, una baiti 20, ambazo kwenye waya wa siriali ni biti 200. Kipima kina cha NMEA 0183 hutuma kwa kasi ya 4800, kwa hiyo mstari huo huchukua takriban milisekunde 42, na botini hakuna shida yoyote. Shida iko jioni. Saa kumi ni mistari 36,000, sawa na baiti 720,000. Poti ya 9600 inapitisha baiti 960 kwa sekunde, hivyo unahitaji dakika 12 na nusu hata kama mtandao ni mzuri.

Hatua ya kwanza haihusu ubanaji. Jaribu kuipandisha poti ya modemu kwa amri ya AT+IPR=115200, kisha badilisha na upande wa kompyuta ulingane nayo. Modemu ikikubali, poti haitakuwa tena kikwazo, na kitakachobaki ni mtandao wa simu.

Hatua ya pili ni kuangalia nini hasa kinabadilika kati ya mstari mmoja na unaofuata. $SDDPT haibadiliki. Ile 0.5, ambayo ni umbali wa kifaa kutoka usawa wa maji, haibadiliki siku nzima. Alama mbili za mwisho, 6D, zinabadilika kila mara na kuonekana kama hazitabiriki, lakini zinakokotolewa kutoka kwenye herufi zilizotangulia, kwa hiyo hazibebi habari yoyote mpya: mpokeaji anaweza kuzitengeneza mwenyewe. Kinachobaki ni kina peke yake, na chini ya ziwa hapo kwenu hakurukiruki. Leo ni mita 38.4, sekunde inayofuata ni 38.5 au 38.3.

Kwa hiyo kompyuta ya botini ihakiki ile 6D wakati wa kurekodi, itupe mistari iliyoharibika, kisha iandike tofauti tu kati ya kipimo kimoja na kilichotangulia, kwa sehemu za kumi za mita. Baiti moja inatosha kwa tofauti ya hadi mita 12.7 juu au chini. Hatari ya njia hii ni kwamba baiti moja ikipotea, vyote vinavyofuata vinakuwa vya uongo, kwa hiyo kila dakika iandikwe kina kamili kwa baiti mbili. Jumla ni baiti 37,200. Hata kwa poti yako ileile ya 9600, hizo hupita kwa muda usiofika sekunde 40. Ukizipitisha kwenye programu ya kubana ya gzip baada ya hapo zitapungua tena, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti hizo zitakuwa sifuri, moja na hasi moja.

Mpangilio huu unafanya vizuri kuliko kuipa gzip faili la NMEA kama lilivyo, ingawa hilo pia lingekusaidia sana. Programu ya kubana haijui kwamba zile alama mbili za mwisho zinakokotoleka, nayo huzilipia kila mstari. Wewe unajua.

Mpimaji wa Nansio

Nimekuelewa vizuri, ahsante sana. Modemu imekubali 115200. Swali la mwisho: ofisi inataka data isimbwe, yaani ifichwe isisomeke na wengine, kabla ya kutumwa. Nisimbe kwanza kisha nibane, au nibane kwanza?

Kebo Nyeusi, Nyakato

Bana kwanza. Data iliyosimbwa ipasavyo haina marudio yoyote, kwa hiyo gzip ikiipokea baada ya kusimbwa haitapata hata baiti moja ya kupunguza na itaongeza kichwa chake juu yake. Pia ikate kumbukumbu ya siku katika vipande vya saa moja moja, kila kipande kibanwe, kisimbwe na kiwekewe CRC-32 yake (namba ya kuhakiki kama kimefika salama), ili mtandao ukikatika baada ya kipande cha saba uanzie cha nane.